Nyuzi mbili katika ubongo wa mpwa wangu

Kila mmoja wetu amekwisha kuona kiwete. Tumeona watoto waliopooza miguu kwa polio. Katika nchi ya Kwango, na penginepo katika Kongo yetu, wako watu wenye konzo, ambao miguu yao imekakamaa kwa sababu ya kula mihogo michungu isiyolowekwa vema. Lakini maradhi ninayotaka kuyasimulia leo si polio, wala si konzo. Ni maradhi ambayo ndani yake mtu anazo nguvu zote za mwili wake, pengine kupita kiasi, ila nguvu hizo hazimtii. Ataka kunyosha mguu, nao wajikunja. Ataka kutazama mbele, nayo shingo yamlazimisha kutazama bega. Ataka kuandika jina lake, mkono wazunguka na kalamu yatoboa karatasi. Hakuna aliyemfunga, naye ni kama mtu aliyefungwa kwa kamba zilizomo ndani ya nyama yake mwenyewe. Madaktari huyaita distonia.

Jina hilo lilitungwa mwaka 1911 na Hermann Oppenheim, mganga wa mji wa Berlin, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mkazo mbaya. Yeye alitambua kwamba ni ugonjwa wa mwili. Lakini miaka mitatu kabla yake, Schwalbe, mwanafunzi wa uganga, alikuwa ameandika habari za ndugu watatu wa jamaa moja waliopindika hivyo, akadhani ya kuwa wasiwasi wa roho umechanganyika humo. Dhana hiyo ndiyo iliyowapendeza wengi. Kwa muda wa miaka sitini na zaidi wagonjwa wengi wa distonia walipelekwa kwa waganga wa akili, wakaulizwa habari za ndoto zao na za wazazi wao, na viungo vyao vikazidi kupindika. Ni katika miaka ya 1970 ndipo David Marsden wa London alipowaonyesha wenzake kwamba shingo iliyopindika, jicho lisilofumbuka, mkono wa karani ulioshikwa na mkakamao, na mtoto aliyepotoka mwili mzima, yote ni matawi ya mti mmoja, na mzizi wa mti huo umo ndani ya ubongo, si katika tabia ya mtu.

Tusiwacheke mno waganga wale wa kale. Ugonjwa huu una vituko vyake. Mgonjwa akilala usingizi, mwili wote hulegea na kunyoka kama wa mtu mzima. Mwingine shingo yake imepinda, lakini akijigusa kidevu kwa kidole kimoja tu, yarudi mahali pake. Mwingine tena hawezi kwenda mbele hatua kumi, lakini kwenda kinyumenyume aweza. Aonaye mambo hayo kwa mara ya kwanza husema moyoni: Huyu anatudanganya.

Ndivyo alivyofikiri mwalimu mmoja mintarafu ya mpwa wangu. Dada yangu mdogo na mume wake, wote wawili wazaliwa wa Bukavu, wanakaa katika mji mmoja wa kusini ya Ufaransa, nami nakaa karibu nao, mwendo wa nusu saa. Mtoto wao wa pili alizaliwa mwaka 2008. Hata umri wa miaka saba alikuwa mwepesi wa mbio kuliko kaka yake. Mwaka 2015 mguu wake wa kuume ulianza kugeuka ndani kila alipotembea. Wakambadilisha viatu. Baada ya miezi michache mkono ukaufuata mguu, kisha mgongo. Siku moja, katika uwanja wa shule, mwalimu alimwona akienda kinyumenyume bila taabu yoyote. Akawaandikia wazazi kwamba mtoto anafanya mchezo ili asisome, na kwamba afadhali nyumbani wamwonye. Shule ile siitaji, wala mwalimu yule. Lakini barua nimeisoma kwa macho yangu, na dada yangu ameiweka mpaka leo katika kasha la karatasi zake, pamoja na vyeti vya ubatizo.

Nyumbani kwetu Bukavu maneno yalikuwa mengine. Huko hakuna aliyesema mtoto anacheza. Waliulizana: Nani amemfunga? Upande wa shemeji yangu walisema kwa simu, tena si kwa mafumbo: «Katika ukoo wetu hakuna viwete.» Maana yake kila msomaji ameielewa. Kilema kimekuja na mwanamke. Dada yangu aliyasikia maneno hayo muda wa miaka miwili, naye hakuyajibu.

Sasa niwaeleze kadiri nilivyoelezwa mimi, maana nilikwenda na dada yangu kwa madaktari mara nyingi, nikiwa na daftari langu mkononi.

Wale mnaokaa kando ya ziwa Kivu mwawajua wavuvi wa sambaza. Jioni wanatoka na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, wakipiga kafi kwa kuimba. Wimbo ule si wa kujifurahisha tu. Ndio unaowaambia wote: sasa vuta, sasa pumzisha. Wimbo ukipotea, kafi zagongana, na mitumbwi yazunguka mahali pamoja, ingawa kila mvuvi ana mikono yenye nguvu. Misuli yetu ni kama wavuvi hao. Nikikunja mkono, msuli wa mbele hujikaza, na mwenzake wa nyuma hulegea kumpisha. Ndani kabisa ya ubongo, chini ya ile sehemu yenye mikunjo tunayoiona katika picha, kuna mafungu madogo ya chembe yenye kazi ya kuchuja amri za mwendo: huu upite, huo usubiri. Moja la mafungu hayo huitwa palidumu, yaani kwa Kilatini kitu kilichopauka, kwa sababu ya rangi yake. Kwa mtu mwenye distonia palidumu laimba wimbo uliovurugika. Misuli ya mbele na ya nyuma yaitwa yote pamoja, hata na ile isiyohusika. Misuli yenyewe ni mizima. Mishipa ni mizima. Akili ya mtoto ni nzima, na hilo ndilo gumu kulivumilia, kwani aona yote.

Sababu za kuvurugika huko ni nyingi. Kwa mpwa wangu iliyopatikana ni ndogo mno. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walivumbua jeni moja iitwayo TOR1A. Jeni ni kama sentensi ndefu iliyoandikwa ndani ya kila chembe ya mwili, nasi twaipokea kwa baba na kwa mama. Katika sentensi hii wagonjwa wengine wamepungukiwa herufi tatu tu. Herufi tatu! Tena si kila mwenye upungufu huo anayeugua: katika watu kumi walio nao, ni kama watatu tu wanaopatwa na ugonjwa, na wale saba huishi na kuzeeka bila kujua kwamba wanao. Ndiyo maana ugonjwa waweza kupita vizazi viwili au vitatu kimya, kisha ukatokea kwa mtoto mmoja kama mgeni asiye na kwao.

Mwaka 2017 walipima damu ya mtoto, kisha ya wazazi wote wawili. Herufi zile tatu zilikosekana kwa mtoto na kwa baba yake. Mama yake hakuwa na kasoro hiyo.

Tulirudi nyumbani ndani ya gari bila kusema neno. Mimi, kama mjomba, nilikuwa tayari nimeanza kupanga maneno ya kuwaambia watu fulani wa Bukavu. Dada yangu akanitangulia. Alisema: «Kwa jambo hili hakuna mtu atakayepigiwa simu.» Mume wake alikuwa akiendesha, hakujibu. Lakini usiku ule ule yeye mwenyewe alimpigia simu kaka yake mkubwa, akamwambia wazi kwamba ugonjwa umepitia kwake, na kwamba yeye na wadogo zake wote waweza kuwa nao pia. Sijui aliyajibiwa nini. Najua tu kwamba tangu siku ile lile neno la viwete halikusemwa tena.

Dawa zilikuwa zimekwisha kujaribiwa. Ya kwanza ilikuwa levodopa, na hapa naomba wazazi wasikilize vema. Katika miaka ya 1970 Masaya Segawa, mganga wa Japani, aliandika habari za watoto waliopindika miguu, ambao asubuhi hutembea vizuri na jioni hawawezi. Hao, wakipewa levodopa kidogo, hupona kama kwa muujiza, na dawa hiyo huwafaa maisha yao yote. Kwa hiyo kila mtoto mwenye distonia isiyojulikana sababu yake hujaribiwa kwanza kwa levodopa. Ni kidonge cha zamani, si cha tajiri peke yake. Wako watu waliokaa miaka mingi wakiitwa viwete wa kuzaliwa, kumbe walikosa kidonge hicho tu. Kwa mpwa wangu haikuleta kitu. Wakampa triheksifenidili, nayo ilipunguza mkazo kidogo, lakini kinywa kilikauka na masomo ya jana aliyasahau leo. Iko pia ile sumu ya botulinumu, ambayo hupigwa kwa sindano katika msuli mmoja mmoja ili ulegee kwa miezi mitatu hivi. Ni msaada mkubwa kwa mwenye shingo au kope zilizoshikwa. Lakini mtoto aliyepotoka mwili mzima, utampiga sindano wapi na kuacha wapi?

Mwisho wa mwaka 2017 alikuwa hawezi tena kukaa kitako. Mgongo ulipinda nyuma kama upinde. Alikula akiwa amelala ubavu chini, juu ya godoro katika sebule, na jamaa yote ilikula chini pamoja naye ili asile peke yake. Hapo daktari alianza kutuambia habari za nyuzi.

Fikira ya kuingia ndani ya ubongo ili kumtuliza mgonjwa si ya jana. Mwaka 1947, mjini Philadelphia, Spiegel na Wycis walimfungia mtu kwa mara ya kwanza fremu ya chuma kichwani, yenye vipimo, ili sindano ifike mahali panapokusudiwa bila kupapasa. Miaka iliyofuata waganga wapasuaji, kama Irving Cooper wa New York, walikuwa wakiharibu makusudi kipande kidogo cha ubongo wa wenye distonia. Wengine walipata nafuu, na wengine walipotewa na usemi. Kilichochomwa hakiwezi kurudishwa.

Mabadiliko yalitoka Grenoble, mji ulio chini ya milima ya Alpes. Mwaka 1987 mganga mpasuaji Alim-Louis Benabid alikuwa akimtengeneza mgonjwa wa mtetemo. Desturi ilikuwa kwamba kabla ya kuchoma hupitishwa umeme kidogo katika ncha ya sindano, ili kujua kama imefika mahali pake. Umeme ule ulikuwa wa kupimia tu, kama mtu agongaye ukuta kabla ya kupigilia msumari. Benabid aliongeza haraka ya mapigo, na yalipokaribia 100 kwa sekunde mtetemo ukakoma. Alipozima, ukarudi. Basi, ikiwa umeme mdogo wafanya kazi ya moto, tena wawezekana kuzimwa, ya nini kuchoma? Yeye na mwenzake Pierre Pollak wakaanza kuwaachia wagonjwa waya ndani ya ubongo, uliounganishwa na mashine ndogo chini ya ngozi, mfano wa zile ambazo tangu mwaka 1958 zilikwisha kutiwa mwilini kwa watu wenye moyo mzito.

Hayo yalikuwa kwa watu wazima wenye mtetemo. Kwa mtoto mwenye distonia njia ilifunguliwa Montpellier, mwaka 1996, na Philippe Coubes pamoja na wenzake, nao walizielekeza nyuzi katika palidumu. Mwaka 2000 walitangaza habari za wagonjwa saba wenye upungufu ule ule wa TOR1A. Kupindika kwao kulikuwa kumepungua, kwa wastani, kadiri ya tisa ya kumi. Waganga wa nchi nyingine walistaajabu, na wengine hawakusadiki. Ndipo wakapima kwa ukali zaidi. Mwaka 2005 Marie Vidailhet wa Paris na wenzake walieleza habari za wagonjwa 22, ambao baada ya mwaka mmoja maradhi yao yalipungua kwa nusu na zaidi. Mwaka 2006 Wadachi, pamoja na wenzao wa nchi jirani, walitoa habari za wagonjwa 40. Wote walipasuliwa na kutiwa nyuzi, lakini nusu yao mashine haikuwashwa kwa miezi mitatu, nao hawakujua. Waliowashiwa walipata nafuu ya 39 kwa mia, na wale wengine 5 tu. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba kinachoponya ni umeme wenyewe, si matumaini ya mgonjwa.

Mimi napenda sana jaribio hilo la mwaka 2006. Lilijibu swali ambalo lilikuwa limewaumiza wagonjwa hawa tangu Schwalbe. Kama ugonjwa ungalikuwa wa kujifanya, waya uliozimwa ungaliwaponya sawasawa na uliowashwa.

Hata hivyo, hesabu ni kitu kimoja, na kichwa cha mtoto wako ni kitu kingine. Daktari hakutuficha hatari. Damu yaweza kumwagika ndani ya ubongo wakati wa kupitisha waya. Si mara nyingi, lakini yatokea, na yaweza kuua. Vidudu vyaweza kuingia katika jeraha, ikalazimu kutoa vyote na kuanza upya. Waya waweza kukatika kwa mtoto anayekua na kucheza. Na mashine, mara ikiisha kutiwa, ni ya maisha. Ikisimama, mkazo warudi, na pengine warudi kwa nguvu ya kumzuia mtu asipumue.

Mama yangu aliuliza kutoka Bukavu swali ambalo sisi hatukuthubutu kuliuliza. Alisema: «Mwanangu, ubongo ndio mtu mwenyewe. Mkitia chuma humo, atakayeamka atakuwa nani?» Nilimfasiria daktari maneno hayo kwa Kifaransa, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema kwamba mzee ameuliza vema, na kwamba wazazi wengi huondoka na swali hilo wakiwa wamelificha. Akachora ubongo juu ya karatasi. Akatuonyesha kwamba mahali pale ni pa mwendo, na kwamba watoto waliokwisha kutengenezwa walipimwa baadaye masomo na kumbukumbu zao, wala hawakuonekana wamepungukiwa. «Lakini,» akasema, «mintarafu ya damu siwezi kuwaapia.»

Shemeji yangu hakutaka. Alisema afadhali mtoto aliyelala sebuleni kuliko mtoto aliyelala kaburini. Dada yangu alitaka. Wiki tatu walikaa hivyo ndani ya nyumba moja, nami nilikuwa nikitembelea pande zote mbili kama mjumbe, bila faida. Mwishowe daktari aliomba kusema na mtoto mwenyewe, kwa kuwa amekwisha kupata miaka tisa na nusu na akili yake ni timamu. Alimwuliza anatumaini nini. Sisi tulidhani atasema kucheza mpira. Yeye akasema: «Nataka kukaa mezani, kusudi mama asile tena chini.» Baba yake alitia sahihi siku ile.

Walimpasua mwanzo wa mwaka 2018. Watu wazima wengine hukaa macho wakati wa kazi hii, kwani ubongo hauna maumivu. Lakini mtoto wa namna hii hulazwa usingizi, maana asingeweza kutulia. Walimfungia fremu, wakampiga picha kwa mashine kubwa ya sumaku, wakahesabu njia ya kila waya ili usiguse mshipa wowote wa damu. Kisha walitoboa matundu mawili katika fuvu, kuume na kushoto, wakapitisha nyuzi mbili zenye unene wa milimita moja na robo hivi, kila moja na vituo vinne vya umeme katika ncha yake. Nyuzi zikateremshwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, hata tumboni, ambako walitia kisanduku chenye betri. Kwa wengi hutiwa kifuani, chini ya mtulinga. Kwa wadogo tumbo lina nafasi zaidi. Tulingoja tangu alfajiri mpaka jioni. Alipoamka aliomba maji, kwa Kiswahili, ingawa hospitalini kwa kawaida alisema Kifaransa. Dada yangu alimpigia mama yetu simu hapo hapo, akamwambia tu: «Ni yeye.»

Siku chache baadaye waliwasha mashine, mapigo 130 kwa kila sekunde. Tulisimama wote kuzunguka kitanda. Hakuna kilichotokea. Mtoto alibaki amepinda kama jana. Shemeji yangu alitoka nje, naye hakurudi kwa saa nzima.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo vitabu vilikuwa vimelisema kwa mstari mmoja tu. Mtetemo hukoma kwa dakika chache. Distonia haiko hivyo. Ile mirusho ya haraka hupungua kwa siku au majuma; lakini kupindika kwenyewe, ambako ubongo umekuzoea kwa miaka, hutoka polepole kwa miezi. Ni kama wale wavuvi wetu. Sasa yuko mpiga ngoma apigaye pigo moja tu, bila kuchoka, nalo lafunika wimbo ule uliovurugika. Lakini wapiga kafi wamekwisha kuzoea kwenda ovyo, na yawapasa kujifunza tena. Mpaka leo wataalamu hawajapatana kabisa jinsi umeme huo unavyofanya kazi. Watumia kitu ambacho hawajakielewa chote, na daktari wetu alilikiri hilo bila haya.

Juma la tatu alishika kikombe. Mwezi wa tatu alikaa kitako mezani, amefungwa mshipi wa kitambaa kiunoni, na godoro la sebule likarudishwa chumbani. Mwezi wa saba alitembea kwenda mbele, tangu mlango mpaka dirisha. Katikati ya miezi hiyo kulikuwa na siku za kurudi nyuma, na safari nyingi za kwenda hospitali ili kubadilisha vipimo vya umeme kidogo kidogo, na saa nyingi za kumnyosha viungo. Hakupona kama mtu ambaye hakuugua kamwe. Mguu wake wa kuume wageuka bado akichoka. Mwandiko wake ni mbaya, na mitihani huiandika kwa kompyuta. Lakini atembea, ajivika mwenyewe, na mwaka 2019 alirudi shuleni, shule nyingine.

Kisanduku chake ni cha namna ile ya kujazwa umeme. Mara moja kwa juma huweka juu ya ngozi ya tumbo kitu kama kisahani chenye waya, akangoja saa moja au mbili, na umeme wapita ngozi bila kidonda. Namna nyingine hazijazwi. Huisha baada ya miaka michache, na hapo kupasuliwa upya kwalazimu ili kubadilisha kisanduku. Alipokuwa na miaka kumi na miwili aliona haya. Alikaa siku nyingi kwa rafiki zake bila kujaza, kwa kuwa hakutaka waone kisahani chake. Jioni moja shingo ilianza kuvuta, na kabla ya usiku wa manane mgongo wote ulikuwa umepinda tena. Baba yake alimshikilia kisahani kile tumboni mpaka asubuhi. Tangu siku ile hakuna anayemkumbusha.

Wasomaji wasidhani ya kuwa nyuzi hizi zafaa kila aliyepindika. Zafaa zaidi wenye distonia ya jeni kama yake, na bora kabla viungo havijakauka katika upotovu wao. Kwa wale ambao ubongo wao uliharibiwa na kitu kingine, faida huwa ndogo. Na hapa nawasihi akina mama: mojawapo ya vitu viharibuvyo palidumu yenyewe ni manjano makali ya mtoto mchanga. Mtoto akiwa wa manjano tangu siku ya kwanza, au manjano yakishuka mpaka miguuni, au akikataa ziwa, msingoje; hospitali yaweza kumwokoa kwa mwanga wa taa maalumu tu. Tena iko dawa ya kutapika iitwayo metoklopramidi, ambayo kwa watoto wengine huleta ghafula shingo iliyopinda na macho yaliyogeukia juu. Si pepo. Ni dawa ile. Mpelekeni mtoto kituoni pamoja na chupa yake, na mara nyingi hutulia kwa sindano moja.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Ni maelfu mengi ya euro, na kwa mpwa wangu yalilipwa na mfuko wa bima ya nchi ile, si na mkono wa baba yake. Katika Afrika kazi hii yafanyika Afrika ya Kusini na Misri, pamoja na mahali pengine pachache. Kwa jamaa ya Bukavu si mpasuo peke yake ulio mbali. Baada ya mpasuo yahitajika fundi wa kurekebisha vipimo kila mara, na sanduku jipya siku lile la kwanza litakapochakaa. Kumtia mtoto waya, kisha kumwacha mahali ambapo hakuna awezaye kuuangalia, ni kumtundika juu ya shimo. Nasema hivi kwa sababu wengine wameniandikia, wakiniomba anwani ya hospitali, nami huwajibu kwanza kwa habari ya levodopa.

Mwaka 2022, katika likizo kubwa, tulikwenda naye Bukavu. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alibeba cheti cha kuonyesha katika viwanja vya ndege, ili asipitishwe katika lango la kukagua chuma. Alibeba pia barua ya daktari katika lugha mbili, iliyokataza mtu yeyote kumtia joto la umeme mwilini kwa kumkanda, kwani joto hilo laweza kupita ndani ya nyuzi na kuunguza ubongo. Jambo tulilolihofu zaidi lilikuwa umeme. Mnajua wenyewe: stesheni ya Ruzizi iko karibu, na taa zazimika hata hivyo. Siku ya tano tulikaa gizani tangu saa kumi na mbili jioni, na siku yake ya kujaza ilikuwa imefika. Jirani mmoja mwenye duka alikuwa na betri kubwa ya mionzi ya jua. Alifunga duka lake mapema, akazima friji ya vinywaji, akatuvutia waya mpaka barazani.

Mama yangu aliketi karibu na mtoto na saa ya mkononi ya marehemu baba, akihesabu dakika. Kila baada ya muda kidogo aliuliza kama sanduku limeshiba. Mtoto alimjibu: «Bado, nyanya.» Ilipopita saa moja na nusu taa ndogo ya mashine ikageuka kijani. Mama akamwambia asimame atembee mpaka mlangoni na kurudi, ili aone. Akatembea. Kisha mama akaomba apewe kisahani kile, akakigeuza geuza mkononi, akakifunga katika kitambaa kisafi na kukiweka juu ya kabati, mahali ambapo watoto hawafiki.